Sketi ya mwaka 2003 ni saizi 14, suruali ya leo ni saizi 14, lakini mizani inasema nimeongeza kilo 16

Mama Pacha, Umoja

Hamjambo wenzangu. Wiki iliyopita nilikuwa nikipanga upya kabati, nikaitoa sketi nyeusi ya kazini niliyoinunua Biashara Street mwaka 2003 nilipoajiriwa mara ya kwanza. Lebo yake ingali inasomeka vizuri: 14. Siku hiyohiyo nilikuwa nimevaa suruali niliyoinunua soko la Toi mwezi wa Juni, nayo imeandikwa 14. Nikajiambia kwamba miaka zaidi ya ishirini na kuzaa pacha havikunibadilisha hata kidogo, nikaivaa sketi ile kwa majivuno. Zipu ilipanda hadi kwenye nyonga ikakwama, na kati ya kifungo na tundu lake pakabaki nafasi ya kiganja kizima na zaidi.

Ningecheka na kuirudisha kabatini, ila mwezi uliotangulia nilikuwa nimekwenda zahanati kupima presha. Mhudumu alinipima pia uzito na urefu, akaandika kilo 76 na mita 1.62, akapiga hesabu kwenye simu yake, akasema "umezidi", kisha akamwita anayefuata. Kadi yangu ya kuanzia kazi inaonyesha kwamba mwaka 2003 nilikuwa na kilo 60. Hata hivyo sikumwamini mhudumu yule, na nakiri kwamba sababu yangu kubwa ilikuwa hiyo 14 ambayo nimeivaa miaka yote. Nyumbani nako, mama mkwe akija kutoka Vihiga husema nimenawiri na kwamba mwanawe ananitunza vyema, ilhali dada yangu, aliyepunguza uzito mwaka jana kwa hiari yake, aliulizwa na nusu ya kanisa anaumwa nini.

Naomba kuelezwa mambo mawili. Saizi hizi zilibadilika lini, na aliyezibadilisha ni nani? Na ikiwa lebo haisemi kweli, mwanamke atajuaje kwamba uzito wake ni wa afya: kwa lebo, kwa mizani, au kwa macho ya watu?

Muuza Suruali, Gikomba

Mama Pacha, kabla hujamlaumu yeyote, igeuze suruali hiyo ndani uangalie imetoka wapi. Sisi tunaofungua mabeli ya mitumba tunajua kwamba 14 ya Uingereza na 14 ya Marekani ni nguo mbili tofauti kabisa. Nguo ya Marekani huongezewa nne ndipo upate ya Uingereza, kwa hiyo 14 ya Marekani hukaribia 18 ya Uingereza. Nguo za madukani hapa kwetu kwa miaka mingi zimefuata hesabu ya Kiingereza, na sketi yako bila shaka ni ya hesabu hiyo. Ukikutana na ya Mjerumani, 14 hiyohiyo ya Uingereza itaandikwa 40, ya Mfaransa 42, na ya Mwitaliano 46. Beli moja la suruali za kike linaweza kuwa na hesabu hizo zote zimelaliana, na lebo nyingine zimekatwa huko zilikotoka.

Ndiyo maana mteja wangu mzoefu haombi saizi. Huchukua suruali iliyofungwa kifungo, akakizungusha kiuno cha suruali hiyo shingoni, na ncha mbili zikikutana kisogoni anajua itamwenea. Sina chumba cha kujaribia nguo, nina shuka moja ya kujistiri, na siku ya kufungua kamera, yaani nguo bora zinazochaguliwa kwanza belini, watu ni wengi mno hata shuka hiyo haifai kitu. Shingo ndiyo futi yetu.

Fundi Mzee, Kariokor

Binti wa Gikomba ameeleza nusu ya jambo, na ameieleza vizuri. Nusu ya pili ni kwamba hata ndani ya nchi moja saizi haikusimama mahali pamoja. Nilifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi kabla ya kufungua kibanda changu, na somo hili nililirudia kila mwaka kwa sababu wanafunzi walidhani namba hizi ziliteremka pamoja na amri kumi.

Nguo zilipoanza kuuzwa kwa katalogi huko Marekani, mwanamke aliagiza rinda kwa posta, likafika halimtoshi, akalirudisha, na mwenye duka akala hasara. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, kupitia idara yake ya uchumi wa nyumbani, iliwatuma Ruth O'Brien na William Shelton kusimamia upimaji wa wanawake wapatao 15,000. Kila mmoja alipimwa sehemu 59 za mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Waliohesabiwa katika matokeo hayo walikuwa wanawake weupe peke yao. Kutokana na vipimo hivyo, baada ya kurekebishwa, ukatolewa mwaka 1958 mwongozo wa saizi wa kitaifa, ukafanyiwa mabadiliko mwaka 1970, na mwaka 1983 serikali ikauondoa kabisa. Tangu hapo kila mwenye kiwanda anaamua mwenyewe 14 yake ni inchi ngapi.

Sasa jiweke katika nafasi ya muuzaji. Mama anaingia dukani, anavaa 14 ya duka la kwanza inambana, anavaa 14 ya duka la pili inamwenea hata anapumua. Atanunua wapi? Muuzaji wa pili hakubadilisha mwili wa mtu. Alibadilisha namba tu, na mwaka uliofuata jirani yake naye akabadilisha ya kwake. Wakifanya hivyo miaka hamsini, mnafika mahali ambapo 8 ya Marekani ya leo inakaribiana na 16 ya ule mwongozo wa 1958, na 8 ya mwaka 1958 haina hata mwenzake leo, kwa kuwa ni ndogo kuliko sifuri mbili. Sifuri na sifuri mbili zenyewe zilizaliwa kwa njia hiyo: namba ziliteremka hadi chini zikaisha, na wanawake wembamba wakabaki bila saizi. Watu hupenda kusimulia kwamba Marilyn Monroe, mwigizaji wa filamu wa Marekani wa miaka ya hamsini, alivaa saizi 16, wakiwa na maana kwamba alikuwa na mwili wa saizi 16 ya siku hizi. Magauni yake yaliyohifadhiwa yana kiuno cha takribani inchi 22 au 23, na mimi sijawahi kumshonea mtu mzima mwenye kiuno hicho.

Msidhani jambo hili liko mbali nasi. Baadhi ya wanafunzi wangu waliajiriwa katika viwanda vya Athi River vinavyoshona nguo za soko la Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziondolea ushuru nguo za Afrika. Kila agizo huja na jedwali lake la vipimo, na 10 ya mnunuzi mmoja hupishana na 10 ya mnunuzi mwingine kwa inchi nzima ilhali zimeshonwa kwenye mashine ileile na mikono ileile. Kuna jambo la tatu pia, ambalo ni kitambaa. Sketi yako ya 2003 yaelekea ni ya kitambaa kigumu kisichovutika, na suruali ya siku hizi ina nyuzi za lastiki ndani yake. Nguo inayovutika humfuata mtu anakokwenda, kwa hiyo haimwambii kitu. Ndiyo kazi ya dera: nalipenda na nalishona, lakini dera halijawahi kumwonya mtu.

Nina daftari la wateja nililolianza mwaka 1998. Kila mteja ana ukurasa wake, na kila anapokuja naandika kifua, kiuno, nyonga na tarehe. Yuko mama mmoja ambaye kiuno chake katika ukurasa huo kinasomeka 28, 30, 30, 31, 34, na kila mara alisisitiza nimshonee "saizi yangu ileile". Ninapofika kiunoni huvuta tumbo ndani na kushika pumzi. Mimi husubiri tu, tepu mkononi, nikimuuliza habari za watoto, kwa kuwa mtu hawezi kujibu bila kupumua. Ndipo nasoma tepu. Humwachia ziada ya inchi moja kila upande wa mshono, na ziada hiyo tumeitumia mara tatu.

Ukiniuliza mimi, saizi ni jina tu ambalo duka limeipa nguo. Sketi yako ya zamani ndiyo iliyokueleza ukweli, na haikukueleza kwa lebo bali kwa zipu.

Muuguzi Mstaafu, South B

Mama Pacha, nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yangu, kwa sababu neno "umezidi" likisemwa mlangoni huku mgonjwa anayefuata akiitwa halimsaidii mtu. Ngoja nifanye kazi ambayo ingalifanywa siku ile.

Hesabu aliyoipiga mhudumu ni BMI: kilo zako zinagawanywa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu linagawanywa tena kwa urefu uleule. Kwako inatoka 29 kasoro kidogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 kuwa uzito wa kawaida, kuanzia 25 uzito uliozidi, na kuanzia 30 unene wa kupindukia. Kwa urefu wako, mstari wa 25 unaangukia kwenye kilo 66 hivi na wa 30 kwenye kilo 79 hivi. Mwaka 2003 ulikuwa na 23, ndani ya kawaida. Kwa hiyo mhudumu hakukosea, alikosa maneno.

Hata hivyo usiifanye hesabu hiyo kuwa hakimu, kwa maana mistari hii nayo imewahi kusogezwa. Aliyeibuni hesabu yenyewe ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa bingwa wa takwimu na si daktari, naye alikuwa akimtafuta mtu wa wastani na si mtu mwenye afya. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 katika kazi ya mtafiti wa Marekani, Ancel Keys. Hadi mwaka 1998, Marekani ilimhesabu mwanamke kuwa na uzito uliozidi kuanzia 27.3. Mwaka huo ikashusha mstari hadi 25 ili ilingane na ule wa kimataifa, na mamilioni ya watu wakalala na uzito wa kawaida wakaamka na uliozidi bila kuongeza hata gramu moja. Fundi ametueleza jinsi wenye maduka walivyoilegeza namba ya nguo. Katika miaka hiyohiyo sisi wa hospitali tuliibana namba ya mizani. Mwanamke aliyesimama katikati, akisikia huku "wewe bado ni 14" na kule "umezidi", ana haki ya kuchanganyikiwa.

Pamoja na hayo, BMI haijui kama kilo ulizo nazo ni misuli ya mwanamke anayebeba mitungi ya maji au ni mafuta ya tumboni, na haijui mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya mapaja na makalio, ambayo ndiyo watu wetu huyasifia, hayaleti hatari sawa na yale yanayozunguka ini na matumbo. Ndiyo sababu namkubali Fundi na tepu yake kuliko mizani yangu. Simama wima, tafuta ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, weka tepu katikati ya sehemu hizo mbili, toa pumzi kawaida, soma bila kukaza. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, kwa sababu suruali nyingi za siku hizi hukaa chini ya tumbo na hivyo hulikwepa tumbo lenyewe. Kwa mwanamke, hatari ya presha, kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda kiuno kikifika sentimita 80, na inapanda zaidi kuanzia 88. Iko pia kanuni rahisi ambayo wataalamu wa Uingereza waliipitisha mwaka 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Kwako nusu ni sentimita 81.

Wa Gikomba, hila yako ya shingo naipenda sana, nami nimeitumia Toi mara nyingi. Ila ujue kwamba mtu anaponenepa shingo nayo hunenepa, kwa hiyo futi hiyo hukua pamoja na mwenyewe na kamwe haitamshtaki.

Kuhusu macho ya watu, nadhani hapa ndipo penye uzito wa swali lako. Nilifanya kazi wodini miaka ya tisini, wakati kukonda kulikuwa tangazo la ukimwi. Mtu akipungua kilo tano mtaa mzima ulinong'ona, na aliyekuwa akiugua alijitahidi anenepe ili watoto wake wasisemwe. Kizazi kilichopita katika kipindi hicho hakikujifunza kupenda unene kwa ujinga. Kilijifunza kwa makaburi. Kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao hapa Nairobi, kiliwahi kuwaonyesha wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani michoro ya miili iliyopangwa kutoka mwembamba hadi mnene ili waoneshe ule unaofanana na wao, na miongoni mwa waliozidi uzito walikuwemo wengi waliojiona wembamba kuliko walivyo. Macho hujipima kwa yale yaliyo kando yake. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009, robo ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walikuwa theluthi. Wote walio karibu nawe wakiongezeka pamoja nawe, utajiona umebaki palepale, na mama mkwe wako anasema kweli kwa kadiri ya anachokiona.

Niambie presha ilisoma ngapi, na kama katika familia yenu kuna kisukari.

Mwembamba wa Kasarani

Naomba niingilie upande ambao hamjaugusa. Nina kilo 47 na urefu wa mita 1.65, yaani BMI yangu ni kama 17, na uzito huo nimekuwa nao tangu nilipomaliza shule. Sina ugonjwa unaojulikana. Kila saluni ninayoingia naulizwa kama nakula. Mwanamke mnene akiambiwa amenenepa kuna siku hizi anayemtetea, lakini mimi nikiambiwa "hebu ongeza nyama kidogo" kila mtu hucheka, pamoja na wanaonitetea. Maelezo ya Fundi kuhusu sifuri yamenifungua macho, kwa sababu nilidhani mwili wangu ndio unaosinyaa: nilipokuwa chuoni nilivaa 8 ya Uingereza, leo nikiingia duka la maduka makubwa 6 yao inaning'inia, nami huishia sehemu ya watoto nikitafuta sketi isiyo na kipepeo. Mwili wangu haujabadilika hata sentimita moja. Lebo iliyomwambia Mama Pacha kwamba hajabadilika ndiyo inayoniambia mimi kwamba nakonda.

Muuguzi Mstaafu, South B

Binti yangu wa Kasarani, nakubali kosa. Nimeandika aya saba bila kukukumbuka. Chini ya 18.5 nako kuna hatari zake, hasa upungufu wa damu, mifupa kudhoofika na matatizo ya ujauzito. Mtu aliyekuwa hivyo miaka yote bila dalili ni tofauti na mtu aliyeshuka kilo saba kwa miezi mitatu. Huyo wa pili ndiye tunayemkimbilia. Hata hivyo pima damu na tezi ya shingo mara moja upate amani, na hedhi zikianza kuruka usingoje. Wa saluni waambie nimekukagua mimi.

Mama Pacha, Umoja

Nawashukuru nyote. Nimeigeuza suruali: kwa ndani kuna lebo ndogo iliyofifia yenye bendera ya Marekani na namba tatu, 14, 18 ya Uingereza na 46 ya Mfaransa, kwa hiyo kiwanda chenyewe kilikiri na mimi ndiye niliyesoma namba niliyoipenda. Nimepima kiuno asubuhi kwa tepu ya jirani, mahali alipoelekeza Muuguzi, na kwa kweli mara ya kwanza nilivuta tumbo bila kujua. Mara ya pili nilimruhusu binti yangu asome: sentimita 86. Kiuno cha sketi ya 2003, nikikilaza mezani na kuzidisha kwa mbili, ni 74. Hizo 12 ndizo zilizokuwa zimefichwa kwenye ile 14.

Presha ilikuwa 138 kwa 88, na marehemu baba alikuwa na kisukari.

Muuguzi Mstaafu, South B

Basi usingoje mwaka uishe. Rudi upimwe presha kwa siku tofauti, ukiwa umeketi na kupumzika dakika tano, na upime sukari kabla ya kunywa chai. Usijitwike kilo 16 zote kwa mara moja: kupungua hata kilo nne, ambazo ni asilimia tano ya uzito wako, mara nyingi kunatosha kuigusa presha. Anza na chumvi, soda na sukari ya chai, na ushuke matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani. Uandike kiuno kila mwisho wa mwezi, usikipime kila siku.

Mama Pacha, Umoja

Nitafanya hivyo. Fundi Mzee, je, sketi ile inaweza kuachiwa? Siitaki kwa ajili ya kuitamani. Kitambaa chake ni kizuri na bado kiko imara.

Fundi Mzee, Kariokor

Sketi za wakati ule zilikuwa na ziada ya kutosha mishononi, tofauti na za sasa ambazo hukatwa hadi karibu na uzi. Pengine nitapata sentimita sita, na zilizobaki nitaweka kipande cha pembetatu kila upande, cha rangi hiyohiyo. Ila nitakitia kwa mshono mrefu wa kushikiza tu, ili mwakani tukihitaji kukitoa kisitusumbue. Jumamosi nafungua saa tatu. Njoo na viatu utakavyoivalia, nipime na urefu.